Mshumaa wa Asiyekuwepo

Kaeni vizuri. Wenye watoto wachanga wapeni ziwa wanyamaze, na wewe uliyesimama mlangoni ukichungulia njia, ingia ndani. Kama yupo anayekuja, atafika hata usipomchungulia.

Mimi bibi yenu nina mfano mmoja tu leo kabla ya maombi, nao unahusu nta.

Mama mmoja alikuwa akitengeneza mishumaa nyumbani kwake. Msifikirie kiwanda. Alikuwa na kopo la maziwa ya unga, sufuria kuukuu, kipande cha kanga iliyochakaa, na mipapai nyuma ya nyumba. Nta hakununua. Katika kigango chao walikuwa na desturi kwamba vishina vya mishumaa havitupwi. Mshumaa ukiisha altareni, ukiisha msibani, ukiisha mezani siku umeme ulipokatika, kile kishina kinachobaki kinawekwa kwenye kopo. Hata yale matone yaliyogandia mezani yanabanduliwa kwa kisu, yanatiwa humohumo. Mwaka ukigeuka, kabla ya Sikukuu ya Mishumaa, ile ya mwezi wa pili ambapo watu wanazunguka kanisa alfajiri na mishumaa mkononi, kila nyumba inampelekea yule mama kopo lake. Yeye anayeyusha, anachuja, anamimina upya. Mshumaa wa arusi na mshumaa wa matanga inaingia chungu kimoja. Nta haina ukoo, wala haikumbuki ililia wapi.

Kazi ile ina utaratibu wake. Kopo linakalishwa ndani ya sufuria ya maji yanayochemka, maana nta ukiiweka motoni yenyewe inashika moto, na paa utaliaga. Ikishayeyuka unaiacha itulie. Uchafu wote unazama: njiti za kiberiti, tambi zilizoungua, wadudu waliofuata mwanga wakafia humo. Juu inabaki nta safi. Hiyo unaimimina polepole kupitia kitambaa. Sasa unachukua kikonyo cha jani la mpapai, kwa kuwa kina uwazi ndani, unaziba chini kwa donge la udongo, unapitisha utambi katikati, unamimina. Ikipoa unapasua kikonyo kwa kisu, mshumaa unatoka umenyooka kama kidole cha bibi harusi.

Na chini ya kopo je? Chini kunabaki mashapo. Mashapo nayo ni nta, lakini imeshikana na masizi. Ukitengenezea mshumaa, utawaka, siwadanganyi. Ila unatoa moshi, unatema cheche, unalia kama chumvi iliyoangukia makaa, na upepo mdogo tu ukipita, umezimika.

Kazi mmeiona. Sasa tuwatazame watu.

Yule mama alikuwa mjane mwenye watoto wawili. Wa kwanza wa kiume, Gaspari, ndiyo maana kijiji kizima kilimwita Mama Gaspari. Wa pili binti. Gaspari aliondoka kwenda kutafuta kazi migodini. Mwanzo alipiga simu kila Jumapili. Kisha akapiga mara mojamoja. Kisha ikawa mama akipiga yeye, anapokea yule dada wa mtandao kusema namba unayopiga haipatikani. Mama akaendelea kupiga kila jioni, na kila jioni alimsikiliza yule dada mpaka amalize, bila kumkatiza, kana kwamba akisikilizwa kwa adabu siku moja atabadilisha maneno.

Tusimcheke. Wangapi humu ndani mna namba kwenye simu ambayo haipatikani na hamtaki kuifuta?

Alimtamani mwanawe mpaka mifupa ya mabega ikamtoka. Shati la Gaspari lilining'inia nyuma ya mlango, halifuliwi, harufu isije ikatoka. Jogoo wake hakuchinjwa, kwa sababu ni wa Gaspari akirudi. Jogoo akazeeka akapofuka jicho moja, akawa anawika mchana. Akipakua ugali, mkono ulikwenda wenyewe kwenye sahani ya tatu. Na pikipiki ikipunguza mwendo karibu na nyumba, chochote alichoshika alikiacha kianguke, akatoka mbio. Barabara ile ina tuta mbele ya nyumba yake, ndugu zangu. Kila pikipiki inapunguza mwendo.

Huyo ndiye mama. Binti naye alikuwa wapi? Alikuwepo. Ndiyo kazi aliyokuwa nayo, kuwepo. Alichota maji, alipasua kuni za kuyeyushia nta, alipanda juu ya kinu kukata vikonyo vya mpapai. Vile vishina vya kijiji kizima, yeye ndiye aliyekaa navyo mapajani akitoa njiti za kiberiti kwa ncha ya kisu, mpaka kucha zake zikawa nyeusi za kudumu. Wasichana wenzake walimtania kisimani kwamba akifa hatahitaji mshumaa, atawashwa kidole.

Sasa, watu wa kigango kile walikuwa na jambo lao jingine. Siku ya maandamano, nyumba hubeba mshumaa kwa kila mtu wake, hata yule ambaye hayupo. Mgonjwa anayelala ndani hubebewa. Aliyeko shule ya bweni hubebewa. Ni desturi nzuri, mimi siisemi vibaya. Unashika wako mkono wa kulia, wa asiyekuwepo mkono wa kushoto, yote miwili inawaka, mnazunguka kanisa, mnaingia. Na kila mtu anajitahidi kuufikisha moto wake mlangoni.

Kwa kazi yake watu walimwachia mama nta iliyobaki. Akaimimina hivi: ya juu kabisa, ile safi kama maji ya kisima kabla ng'ombe hawajaingia, hiyo ilikuwa ya Gaspari. Alichuja mara ya kwanza, akachuja tena. Inayofuata ilikuwa yake mwenyewe. Na mwisho, alipolikung'uta kopo na kulikwangua kwa kijiko, ndipo akapata mshumaa wa binti.

Wazee walituachia neno: asiyekuwepo na lake halipo. Nyumba ile walilipindua. Asiyekuwepo ndiye aliyekuwa na lake. Aliyekuwepo ndiye ambaye lake halikuwepo.

Na mshumaa wa Gaspari hakuuwasha. Wenzake wote waliwasha ya watu wao, yeye aliubeba mzima, haujaguswa. Watu walipomuuliza alisema ukiwashwa utapungua, naye anataka mwanawe akirudi aukute mzima. Baada ya sikukuu aliufunga kwenye kitambaa akauweka sandukuni chini ya mabati. Joto la mabati mnalijua. Mwaka ulipogeuka aliukuta umepinda kama mkia wa nguruwe, akauyeyusha na nta mpya, akaumimina upya, ukanyooka upya. Mshumaa haujawahi kuona moto hata mara moja, lakini ulishazaliwa mara nyingi kuliko sisi tuliobatizwa.

 Siku moja binti alifanya jambo. Alikuwa ametoka gulioni, na kwa kawaida hutembea. Siku hiyo alipanda pikipiki. Alimwambia dereva apunguze mwendo kabla ya tuta, apige honi, asimame mbele ya nyumba kabisa. Dereva akafikiri huyu msichana amepata mchumba anataka kujionyesha. Wala. Alitaka kuona tu, hata mara moja katika maisha yake, mama yake anavyotoka mbio kumpokea.

Na mama alitoka. Alikuwa anachuja, akaliacha kopo likamwagika. Akatoka na mikono imenyooshwa, uso wote umefunguka, na binti akauona ule uso kwa mara ya kwanza tangu kaka yake aondoke. Ulikuwa uso mzuri. Ulikuwa umeelekea kwake.

Halafu mama akaona ni nani.

"Kumbe ni wewe," akasema. Akageuka akarudi ndani kuokota nta.

Hakumtukana, sikilizeni vizuri. Hakumpiga. Ukienda kushitaki kwa mwenyekiti wa kitongoji utasema nini? Kwamba mama yangu amesema kumbe ni mimi? Atakuuliza kwani si wewe?

Mwaka ukageuka, makopo yakaanza kuletwa. Binti akachambua vishina kama kawaida, akakata vikonyo, akachochea moto. Jioni hiyo mama alikuwa amekunja kanga kuchuja nta ya Gaspari, na binti alikuwa amemshikia upande wa pili wa kitambaa. Walikuwa karibu hivi, pua na pua, mvuke wa nta unapita katikati yao. Binti akasema polepole, macho yakiwa kwenye kitambaa:

"Mama, mwaka huu nichujie na mimi."

Mama hakuelewa. Akauliza achujiwe nini.

"Wangu unazimika kila mwaka kabla hatujafika kona ya sakristia. Nichujie na mimi, hata mara moja tu. Nami nifike nao mlangoni."

Mama akamtazama kama mtu aliyeombwa maziwa na ng'ombe.

"Wewe si upo?" akasema. "Ukizimikiwa nitakuwashia. Yeye kule aliko, nani atamwashia?"

Ni jibu la mama, hilo. Mkilisikia haraka mtasema lina upendo ndani yake, na kweli limo. Binti naye hakubisha. Alishika kitambaa mpaka nta ikaisha kupita. Kisha mama akakwangua kopo, na yeye mwenyewe binti ndiye aliyeshika kikonyo wakati mashapo yake yanamiminwa.

Alfajiri ya sikukuu ikafika. Watu wakakusanyika nje ya kanisa, giza bado, mishumaa ikawashwa mmoja kwa mwingine. Wimbo ukaanza, wakaanza kuzunguka. Mama alikuwa mbele, mkono wa kulia wake unaowaka, mkono wa kushoto ule wa Gaspari, mweupe, mrefu, baridi. Binti alikuwa nyuma yake. Mshumaa wake ulianza kulia walipopita kisima. Akaukinga kwa kiganja. Ukatema cheche, ukamchoma kidole, akavumilia. Na walipofika kona ya sakristia, pale upepo unapotokea bondeni, ukazimika.

Akasogea mbele, akamgusa mama bega.

"Mama. Umezimika."

Mama akageuka. Na kweli alitaka kumwashia, nisimsingizie. Lakini kumwashia mtu mshumaa kwenye upepo kunataka mikono miwili: mmoja wa moto, mmoja wa kukinga. Akatazama mkono wake wa kulia. Akatazama wa kushoto. Mikono ilikuwa imejaa. Auweke wapi ule wa Gaspari? Chini kwenye vumbi? Akasimama pale, watu wanampita huku na huku, naye hajui afanye nini na mkono wake mwenyewe. Mwisho akasema, "Subiri tufike ndani," akaendelea kutembea.

Aliyemwashia ni jirani yao, mwanamke mnene mwenye maneno mengi, ambaye watoto wake wote wamo nyumbani mpaka anatamani waondoke. Alimwinamia, akamkinga kwa ubavu wake wote, akauwasha. Alipoona mashavu ya binti yanang'aa akamuuliza ni moshi huo? Binti akasema ni moshi. Jirani akasema hata yeye alidhani.

Sasa yule jirani alikuwa na dada yake mjini, fundi cherehani, anatafuta mtu wa kumsaidia kudarizi na kukaa dukani. Baada ya misa akamwambia binti, na wiki haikuisha binti akawa amefunga mizigo. Alimpigia mama magoti akamuaga. Nini mnadhani mama alimwambia? Mnaweza kukisia, maana wengine wenu mngesema hilohilo.

Alimwambia, "Ukifika huko mjini, muulizie kaka yako."

Binti akasema ndiyo mama. Akapanda pikipiki, ikavuka tuta, ikaongeza mwendo.

Hapa mngependa niwaambie kwamba Gaspari alirudi. Sijui kama alirudi. Mfano huu haumhusu Gaspari, na hilo ndilo yule mama alichelewa kulijua.

Nyumba ikawa kimya. Siku za kwanza mama hakuona tofauti, ila kuni zilikuwa hazijapasuliwa. Kisha akaanza kumsikia. Alisikia ndoo ikitua, akatoka, hakuna ndoo. Alisikia kisu kikigonga kishina cha mshumaa, akageuka, kumbe ni jogoo anadonoa kopo. Akikunja kanga kuchuja nta, upande wa pili wa kitambaa ulining'inia. Alijaribu kuufunga kwenye mguu wa kiti. Kiti hakina akili ya kujua lini kukaza na lini kulegeza, nta ikamwagika. Usiku, hakusikia tena mtu akikoroma. Akijipakulia ugali peke yake, mkono ulikwenda kwenye sahani ya pili na ya tatu. Pikipiki zikipunguza mwendo, sasa aliwakimbilia watu wawili. Ile kanga aliyoiacha binti akaitundika nyuma ya mlango juu ya lile shati, na hakuifua.

Mwaka ukageuka. Sikukuu ikaja, ikapita. Siku ya pili yake jirani akampigia binti simu kule mjini kumpa habari za nyumbani, na kwa kuwa ni mtu wa maneno mengi alianza na mvua, akaja kwa mbuzi waliokula mchicha wake, ndipo akafika kwenye maandamano. Akamwambia binti kwamba mwaka huu mama yake amemtengenezea mshumaa ambao kigango kizima kiliutazama.

Binti akauliza ulikuwaje.

"Mweupe," jirani akasema. "Mrefu. Alichuja mara tatu, nilikuwepo, nilimshikia kitambaa. Sijawahi kuona nta safi namna ile. Nikamuuliza, Mama Gaspari, mwaka jana mtoto uliyekuwa naye hapa ulimpa mashapo, leo hii mbona? Akaniambia, huyu yuko mbali."

 Jirani akadhani salio limekwisha, akaanza kusema haloo, haloo.

Binti akauliza jambo moja tu. "Na wa kwake, ulifika mlangoni?"

Jirani safari hii hakuanza na mvua. Akasema mama yake mwaka huu hakubeba wake. Mkono wa kulia alishika wa binti. Mkono wa kushoto alishika wa Gaspari. Yote miwili mizuri, yote miwili haijawashwa, ili wakirudi waikute mizima. Mkono wa tatu Mungu hakumpa. Akazunguka kanisa hivyo, kwenye giza, katikati ya watu wote wanaowaka, na kwenye kona ya sakristia akajikwaa akaanguka kwa magoti. Watu wakamkimbilia kumwinua. Akakataa kuinuliwa kwa mikono. Alisema wasije wakaivunja ile mishumaa.

Huo ndio mfano. Nimeumaliza.

Sasa nitazameni. Nimewaona wengine wanafuta macho kwa ncha ya kanga. Mnamlilia nani? Binti? Mama? Tusidanganyane. Tunajililia wenyewe, na tuseme hivyo.

Sisi tuna sauti mbili. Moja ya simu na moja ya jikoni. Simu ikilia, ni mtoto aliyeko Mwanza, sauti inakuwa asali: mwanangu, umekula baba, usilale na njaa, jifunike kuna baridi. Tunakata simu, tunageukia yule aliyetuletea maji ya kunawa, tunamwambia mbona umesimama kama nguzo. Yule wa Mwanza amekula chips, ameshiba. Aliyesimama kama nguzo tangu asubuhi ametuchotea, ametupikia, ametuchua mgongo. Tumemuuliza kama amekula?

Mgeni akija tunachinja. Aliyemlea huyo kuku tunampa miguu na kichwa. Aliyetutumia pesa mara moja kwa mwaka jina lake linatajwa kanisani, tunasimama na kuliombea. Mkamwana anayetubadilishia shuka kila asubuhi, jina lake tunalikumbuka siku amekosea chumvi. Na ninyi wanaume mnaokaa kule nyuma mkidhani mfano wa mishumaa ni wa wanawake, mke wako ulimwandikia maneno gani alipokuwa bado kwao? Na leo yuko ndani ya nyumba yako, unamwambia nini zaidi ya "chai iko wapi"? Unasubiri aende kwao kuuguza mama yake ndipo ukumbuke ana jina?

Mtaniuliza, bibi, unataka tusiwatamani walio mbali? Nani kasema? Watamanini. Moyo usiomtamani aliyeondoka ni jiwe la kusagia, na hata hilo hulainika. Yule mama hakukosea kumpenda Gaspari. Lakini alimpenda kwa nta ya mwingine. Na alipokuja kumpenda binti, alimpenda kwa njia ileile moja aliyoijua, ya kumpenda mtu akishaondoka. Kuna watu wamo humu ambao, ili tuwapende, tunasubiri tu wafe. Mbona siku ya mazishi tunatoa shuka jipya sandukuni? Lilikuwa linasubiri nini, wakati marehemu alilala miaka kwenye shuka lenye matundu na sisi tunaliona?

Hata Mungu tunamfanyia hivyohivyo. Tunaimba njoo, njoo, tumeinua macho darini mpaka shingo zinauma, na mtu aliyemtuma kwetu yuko ubavuni anatuomba tusogee kidogo apate pa kukaa.

Aliyepo naye anatamani. Hilo hatulijui. Tunadhani kutamani ni kwa yule anayetazama barabara. Mtu anaweza kukaa na wewe jiko moja, mkashika kitambaa kimoja, naye anakutamani kama uko Kongo. Hatalia, atakuambia ni moshi. Nasi tutamwamini, kwa kuwa ni rahisi.

Basi. Sasa ni wakati wa maombi ya waamini. Najua mmejiandaa. Mama wa pale mbele ana mtoto wake Uarabuni, mzee ana kijana wake jeshini, na kila Jumapili tunaomba hivyo, kwa ajili ya walio safarini, na Mungu amewasikia, hana shida ya masikio. Leo hao tunawapumzisha. Leo kila mmoja wetu atamwombea mtu aliyelala chini ya paa lake jana usiku. Mmoja tu. Utamtaja kwa jina, kwa sauti, na useme kitu kimoja anachokitaka. Sijasema unachokitaka wewe kwake. Anachokitaka yeye.

Haya. Nani anaanza?

Mbona kimya? Wa mbali huwa mnawataja mpaka namba za vyumba wanavyopanga.

Mimi sina haraka. Nitakaa hapa kwenye benchi. Anayehitaji kwenda nyumbani kwanza akamuulize anataka nini, mlango uko wazi, aende, tutamsubiri.